Mashine Ikiandika Programu, Nani Asome?

Watu wengi wanaotumia programu za kompyuta kila siku, wanaotuma fedha kwa simu, wanaokata tiketi za basi bila kufika kituoni na wanaopokea stakabadhi zilizochapwa dukani, hawajapata kumwona mtu akiandika programu, na kwa sababu hiyo aghalabu hudhani kwamba kazi hiyo ni ya vidole, na kwamba mwandishi hukaa mbele ya kioo tangu asubuhi mpaka jioni akipiga harufi kwa kasi ya karani wa mashine ya chapa. Dhana hiyo ina ukweli kidogo. Sehemu kubwa ya siku ya mwandishi wa programu hupita katika kusoma: husoma msimbo, yaani maandishi ya programu, aliouandika mwenyewe mwaka juzi akausahau, husoma ule ulioachwa na mwenzake aliyekwisha hama kazi, husoma taarifa ya kosa ambayo kompyuta imeitoa kwa maneno ya mkato, na husoma nyuso za watu waliomwagiza kazi, apate kujua wanataka nini hasa. Uandishi wenyewe huja mwisho, na mara nyingi ni mistari michache.

Ni aula jambo hilo likumbukwe mwanzo, kwa sababu msaidizi aliyezuka katika miaka hii ya karibuni, na ambaye habari zake zimeenea kila mahali, hufanya kwa wepesi kuliko yote lile jambo la mwisho, yaani kuandika. Kampuni ya GitHub ya Marekani, iliyo chini ya Microsoft na yenye kuhifadhi msimbo wa mamilioni ya waandishi wa dunia nzima, ilimtangaza msaidizi wake aitwaye Copilot mwezi wa Juni 2021, akafunguliwa kwa watu wote mwaka uliofuata kwa ada ya dola 10 kwa mwezi. Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ikatoa ChatGPT, ambayo mtu aliweza kuiagiza programu kwa maneno ya kawaida kama anavyomwagiza mtu mwenziwe. Na ilipofika 2025 walikuwapo wasaidizi kama Cursor na Claude Code, ambao hawangoji tena kuulizwa mstari mmoja mmoja, bali hupewa agizo, wakafungua mafaili wenyewe, wakaandika, wakaendesha majaribio, wakaona yaliyoshindikana, na wakarudia mpaka yatengemae.

Katika uchunguzi wa mwaka 2025 ambao tovuti ya Stack Overflow huufanya kila mwaka miongoni mwa waandishi wa programu, asilimia 84 ya waliojibu walisema kwamba wanatumia akili mnemba katika kazi yao au wanakusudia kuitumia, na papo hapo wale waliosema kwamba hawauamini usahihi wa majibu yake, asilimia 46, waliwazidi waliosema kwamba wanauamini, ambao walikuwa asilimia 33. Mtu wa nje ya kazi hii atastaajabu kuona watu wakikumbatia chombo wasichokisadiki. Mimi naona kwamba takwimu hizo mbili hazigombani hata kidogo, na kwamba asiyeelewa kwa nini zinakaa pamoja hajaelewa bado chombo chenyewe ni kitu gani.

Msaidizi huyu hakuandikiwa na mtu kanuni za hisabu wala za biashara. Msingi wake ni modeli ya lugha, yaani mashine iliyosomeshwa maandishi mengi kupita kiasi na kuzoezwa kwanza jambo moja, nalo ni kukisia kipande cha neno kitakachofuata vipande vilivyotangulia. Ustadi huo ulipata nguvu mpya baada ya watafiti wanane wa Google kuchapisha, mwaka 2017, muundo wa mashine za lugha uitwao transfoma. Na mwaka 2021 OpenAI ikaeleza jinsi ilivyoisomesha modeli ya namna hiyo gigabaiti 159 za msimbo wa lugha ya Python, uliokusanywa katika maghala milioni 54 ya wazi ya GitHub. Ikapewa mtihani wa maswali 164 ya kuandika programu fupi. Modeli ya kawaida iliyotangulia, GPT-3, haikupata hata swali moja, na hii iliyosomeshwa msimbo ikapata asilimia 28.8 kwa jibu lake la kwanza. Mwaka 2023 ukatungwa mtihani mgumu zaidi, wa kasoro 2,294 za kweli zilizopata kuripotiwa katika miradi 12 ya Python, na modeli bora ya siku hizo haikufikia asilimia 2. Miaka miwili baadaye, katika maswali 500 yaliyochujwa na watu kutoka mtihani huo huo, modeli bora zilikuwa zikipita asilimia 70. Sijui kazi nyingine ya akili ambayo mwanafunzi wake amepanda ngazi kwa haraka namna hiyo.

Walakini kukisia kwa ustadi na kujua ni vitu viwili. Zamani, penye baraza ya posta, alikaa mtu mwenye meza ndogo, kalamu na karatasi, akiwaandikia barua wale wasiojua kuandika. Alizihifadhi kwa moyo desturi zote za barua, namna ya kusalimu, ya kuomba, ya kudai na ya kutoa rambirambi, na mwandiko wake ulipendeza kuliko wa mwalimu. Lakini habari ya deni lako na shemeji yako hakuijua ila kwa kadiri ulivyomweleza, na pale uliponyamaza alijaza maneno yanayofaa kwa barua za aina ile, nawe usiyejua kusoma ukatia dole gumba na kulipia stempu. Msaidizi wa leo hujaza vivyo hivyo palipoachwa wazi, na hujaza vizuri, kwa kuwa amesoma barua za ulimwengu mzima. Tofauti ni kwamba anayemwagiza anajua kusoma, au anapaswa kujua.

Ahadi ya kumpunguzia mwandishi wa programu taabu ya kuandika si mpya. Mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alitengeneza A-0, mfumo uliokusanya vipande vya programu na kuviunga kwa amri ya mtu, wakati ambapo wengi hawakusadiki kwamba kompyuta ingeweza kufanya kitu kingine zaidi ya kuhesabu. Waliobuni lugha ya FORTRAN katika kampuni ya IBM, wakiongozwa na John Backus, walitumaini katika taarifa yao ya mwaka 1954 kwamba kazi ya kuandika msimbo na ya kusaka makosa ingekaribia kutoweka kabisa. Lugha yenyewe ikatoka mwaka 1957, na makosa yapo mpaka leo. COBOL, iliyoanza mwaka 1959, ilitungwa kwa maneno ya Kiingereza cha ofisini kwa matumaini kwamba mameneja nao wangeweza kuisoma, na sidhani kama ni mameneja wengi waliopata kujisumbua. Kila mara kazi ikawa nyepesi kwa kiasi fulani, na kila mara watu wakaagiza programu kubwa zaidi, hata wepesi uliopatikana ukamezwa na ukubwa wa matakwa.

Lakini kati ya vyombo hivyo vya kale na msaidizi wa leo kuna tofauti moja kubwa. Chombo cha kufasiri FORTRAN ukikipa maandishi yale yale mara mia, kitakupa matokeo yale yale mara mia, na maandishi yenye utata hukataa kuyapokea. Msaidizi wa leo ukimpa agizo lile lile asubuhi na jioni huenda akakupa programu mbili zisizofanana, na agizo lenye utata mara nyingi hulipokea kwa moyo mkunjufu, akachagua maana mojawapo pasi na kukuuliza, kisha akaendelea kama kwamba hapakuwa na maana nyingine.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa katika Afrika Mashariki. SACCOS fulani, yaani chama cha akiba na mikopo, inataka programu ya kuhesabu mikopo ya wanachama wake, na mwandishi anamwagiza msaidizi amwandikie sehemu ya kukokotoa riba: mkopo ni shilingi 1,000,000, muda ni miezi 12, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Kabla ya dakika kwisha msimbo uko tayari, umepangwa vizuri, majina ya vitu yanaeleweka, na juu yake yameandikwa maelezo fasaha. Mwandishi anauendesha, unafanya kazi. Ni nini tena kilichobaki?

Kilichobaki ni kwamba agizo lile lina maana tatu. Yamkini riba inahesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa asili, hata baada ya mwanachama kulipa nusu yake; hapo mwezi mmoja ni shilingi 15,000, na mwaka mzima ni 180,000. Yamkini mwanachama hulipa kila mwezi sehemu moja ya kumi na mbili ya deni la msingi, na riba ikahesabiwa juu ya salio linalopungua. Hapo riba ya mwaka mzima ni 97,500. Au yamkini chama kinataka rejesho la kila mwezi liwe la kiasi kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, huku riba ikihesabiwa juu ya salio. Hapo rejesho huwa shilingi 91,680, na riba yote kwa jumla ni 100,160 hivi. Programu zote tatu ni sahihi kwa hisabu, na kila moja inaweza kuandikwa bila kosa hata moja la sarufi ya msimbo. Kati ya ya kwanza na ya pili pana shilingi 82,500, ambazo kwa mkopaji wa kawaida si fedha za kupuuza.

Mtu atasema: msimbo hufanyiwa majaribio. Ni kweli, na waandishi wazuri huandika, pamoja na programu, programu nyingine ndogo ndogo za kuijaribu ile kubwa, zikidai kwamba kwa mkopo huu jibu liwe hili na kwa mkopo ule jibu liwe lile. Msaidizi huandika majaribio hayo kwa hiari, kumi au ishirini kwa mkupuo, na yote huwaka kijani, ishara ya kufaulu. Lakini aliyeyaandika ndiye aliyeelewa agizo, tuseme, kwa namna ile ya kwanza, kwa hiyo majaribio yake yanathibitisha maana ile ile aliyoichagua yeye. Shahidi na mshitakiwa ni mtu mmoja. Hapa ndipo nimewaona vijana mahiri wakighurika, kwa kuwa rangi ya kijani humtuliza mtu moyo kuliko hoja yoyote.

Aliye na jibu hajui msimbo hata kidogo. Ni mweka hazina wa chama, mama mtu mzima mwenye daftari lake, ambaye akionyeshwa jedwali la marejesho kwenye kioo hulitazama mara moja tu akasema, "Mwanangu, sisi riba yetu inashuka kila mwezi; ukiniwekea hivi wanachama watanila mzimamzima kwenye mkutano mkuu." Naye kijana hujibu, "Nimekuelewa, mama, narekebisha," na marekebisho yenyewe, kwa kuwa msaidizi yupo, ni ya dakika mbili. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa kazi. Asiyemwendea mama huyo hatayapata, awe na msaidizi au asiwe naye. Ila aliyeandika kwa mkono, kwa kuwa alilazimika kusimama penye mstari wa riba na kujiuliza aandike nini, alikuwa na sababu ya kuinuka kitini na kwenda kuuliza, ilhali aliyeletewa mstari huo umekwisha andikwa hana kitu cha kumsimamisha.

Mkopo huo huo una mtego mwingine mdogo. Ukigawa shilingi 1,000,000 kwa 12 unapata 83,333 na senti zisizotumika dukani. Ukitupa senti hizo, marejesho kumi na mawili yanatoa 999,996, na shilingi nne zimepotea. Nne ni kidogo, lakini vitabu visivyolingana kwa shilingi nne havilingani, na mkaguzi hatavipitisha. Chama chenye utaratibu huziongeza katika rejesho la mwisho, likawa 83,337. Tena kompyuta huhifadhi sehemu za namba kwa mfumo wa mbili, ambao hauwezi kuandika moja ya kumi kwa ukamilifu, hata ukiiuliza lugha ya Python au JavaScript jumla ya 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Wazoefu wa programu za fedha huepuka balaa hiyo kwa kuhifadhi fedha kama namba kamili. Msaidizi analijua jambo hili vizuri sana na atakueleza kwa ufasaha ukimwuliza. Lakini usipomwuliza, na hasa kama mafaili aliyoyakuta yameanza vibaya, huenda akafuata mkondo aliokuta, kwa kuwa kuandika kifananacho na kilichotangulia ndiyo tabia yake ya asili.

Na kuna mambo ambayo dunia ya msimbo haikuyaandika kwa wingi, kwa sababu ni ya kwetu. Makarani wa Pwani na bara wakijaza safu ya saa katika jedwali, wengine huandika 2 wakiwa na maana ya saa mbili asubuhi, ambayo katika saa ya kompyuta ni 08:00. Msaidizi aliyekuta safu yenye namba 1 mpaka 12 ataisoma kama ulimwengu unavyosoma, na ujumbe wa kumkumbusha mwanachama deni lake utatumwa saa nane za usiku. Ukimwuliza juu ya hesabu ya saa za Waswahili atakufafanulia bila kusita; kujua jambo na kulikumbuka mahali pake ni vipawa mbalimbali, hata kwa binadamu.

Je, msaidizi huyu anaharakisha kazi? Wenye kuuza watakujibu ndiyo, na wana ushahidi: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, waandishi 95 waliagizwa kuandika kwa JavaScript seva ndogo ya mtandao, na waliopewa Copilot wakamaliza kwa muda uliopungua kwa asilimia 55.8 ukilinganisha na wenzao. Miaka miwili baadaye shirika la utafiti la METR liliwachukua waandishi wazoefu 16, likawapa kazi 246 za kweli katika miradi yao wenyewe, miradi mikubwa waliyoijua kwa miaka, na kwa kila kazi ikapigwa kura kama wataruhusiwa kutumia akili mnemba ama hapana. Kabla ya kuanza walitabiri kwamba ingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Baada ya kumaliza walisadiki kwamba imewapunguzia asilimia 20. Saa zilizopimwa zikaonyesha kwamba walipoitumia walichelewa kwa asilimia 19.

Mimi sioni kwamba utafiti mmoja umeukanusha mwingine. Seva ndogo ya mtandao imeandikwa maelfu kwa maelfu ya mara, haina mama wa daftari, na yeyote anayeiandika anaanza na ukurasa mtupu. Hapo kuandika ndiyo kazi yenyewe, na mwenye kuandika upesi atashinda. Mradi wa miaka mingi una maamuzi ambayo hayakuandikwa popote ila katika vichwa vya waliouasisi, na muda unaookolewa kwa kuandika huliwa na muda wa kusoma kilichoandikwa, kukikataa, kuagiza upya na kungoja. Wasaidizi waliokuja baada ya utafiti huo ni bora kuliko wale, na huenda mizani imegeuka. Linalonikaa moyoni ni kwamba watu 16 wenye akili zao walichelewa na wasijue. Mashine inapoandika, mtu hukaa bila kazi ya vidole, na kukaa huko humpa hisia ya wepesi ambayo saa ya ukutani haiithibitishi.

Katika habari ya usalama nitasema kwa ufupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walimpa Copilot wa mwaka 2021 mazingira 89 yenye kuhitaji tahadhari, wakapata programu 1,689, na takriban asilimia 40 zilikuwa na nyufa ambazo mdukuzi angeweza kupitia. Aliyefundishwa kwa msimbo wa watu wote amefundishwa pia kwa msimbo wa wazembe. Hatari nyingine ni ya ajabu zaidi: programu za leo hujengwa juu ya pakiti zilizoandikwa na wengine na kupakuliwa mtandaoni kwa majina yao, na uchunguzi wa modeli 16, uliotazama vipande 576,000 vya msimbo, ulikuta kwamba karibu moja katika kila pakiti tano zilizopendekezwa haipo duniani; jina limebuniwa tu kwa kuwa linafanana na majina ya kweli. Mwovu akilijua jina la uongo linalopenda kujirudia, huliandikisha, akaweka ndani yake anachotaka, akangoja. Na Julai 2025 msaidizi wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya kazi ya mteja, ilhali alikuwa amekatazwa kubadili kitu chochote, hata mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi hadharani. Funguo za ghala la kweli hazifai kukabidhiwa mfanyakazi asiyeona haya.

Wazoefu wamekwisha jiwekea adabu ya kufanya naye kazi. Kabla ya kumruhusu aguse kitu huhifadhi hali iliyopo katika Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko, ili wapate njia ya kurudi. Humpa kazi ndogo zinazosomeka kwa kikao kimoja, kwa sababu badiliko la mistari elfu mbili lililoletwa kwa mkupuo hakuna atakayelisoma kwa insafu. Majaribio ya mambo mazito, kama ile riba, huyaandika kwa mkono wao kutokana na daftari la mweka hazina, kisha humwachia yeye atafute namna ya kuyatimiza. Fauka ya hayo, wengi wao wamegundua kwamba anafaa zaidi pale anapotakiwa kueleza kuliko anapotakiwa kuandika: umpe faili la zamani lisilo na maelezo, lililoachwa na mtu aliyekwenda zake, umwulize linafanya nini na ni mahali gani lingeweza kuvunjika. Hapo naye anaweza kukosea, lakini kosa lake liko mbele ya macho yako, na wewe tayari unasoma.

Manufaa hayo ya kueleza ni makubwa zaidi kwa wanafunzi wetu. Lugha za programu zimejaa maneno ya Kiingereza, na taarifa za makosa ni Kiingereza kigumu. Kijana wa Tabora au wa Bukavu ambaye zamani angeduwaa mbele ya taarifa hiyo, leo anaweza kuibandika mbele ya msaidizi na kuomba afafanuliwe kwa Kiswahili, akafafanuliwa, akauliza tena na tena bila kuchekwa na mtu. Kiswahili cha msaidizi kina vikwazo, na ni cha ghali zaidi, kwa kuwa modeli hizi hukata maneno yetu vipande vingi kuliko ya Kiingereza na malipo mara nyingi huhesabiwa kwa vipande. Hata hivyo ni mwalimu ambaye wengi hawakuwa naye. Taksiri inakuja pale kijana huyo anapoomba jibu la zoezi badala ya maelezo yake. Waajiri nao, wakiona kwamba kazi ndogo ndogo walizokuwa wakiwapa wanaoanza zinaweza kufanywa na mashine, wanashawishika kuacha kuwachukua wanaoanza, wakisahau kwamba wazoefu wanaowategemea walikuwa wanaoanza jana.

Neno la mwisho juu ya siri za watu. Wasaidizi wengi hufanya kazi katika seva za mbali, na kila faili wanalolisoma husafiri kwenda huko. Mwandishi anayeitupa orodha nzima ya wanachama, pamoja na namba zao za simu na madeni yao, ili apate kusaidiwa kutafuta kosa moja, amezitoa nje ya nchi taarifa za watu ambao hawakumpa ruhusa. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Taarifa za kubuni, zenye majina ya uongo na namba za uongo, zinatosha kabisa kwa kazi ya kusaka kosa.

Basi wewe uliye mwenye duka, mwenyekiti wa chama au mkuu wa shule, utakapoletewa programu mpya na kudaiwa malipo, usijisumbue kuuliza kama imeandikwa na mtu au na mashine, kwa maana siku hizi jibu litakuwa ni wote wawili. Mwambie aliyeileta akufungulie sehemu inayohesabu fedha zako, akueleze kwa Kiswahili chepesi kila mstari unafanya nini na kwa nini. Na akishindwa kukueleza, usimlipe mpaka atakapokwenda kuisoma.